Chaneli moja imekufa, ekwalaiza haifanyi kitu: kutafuta ugonjwa kwenye amplifaya ya valvu iliyotumika

"Valvu hizo, mzee. Badilisha."

Ukiwa na amplifaya ya valvu ya mtumba ya gitaa, maneno haya utayasikia kwa muuzaji, kwa mpiga besi wako, na kwa fundi wa redio aliyekaribu. Valvu hufa, sikatai. Lakini chaneli inayopotea na kurudi, nobu ya besi inayozunguka bila kubadilisha chochote, ovadraivu inayokatika katikati ya wimbo, hayo kwa sehemu kubwa ni magonjwa ya mahali vitu vinapogusana: jeki iliyoshika kutu, mguu wa rezista ulioachia risasi ya kulehemia, swichi iliyojaa vumbi. Kwetu huku pwani, chumvi ya hewani inayamaliza haya mapema zaidi kuliko bara. Seti ya valvu ni hela nyingi. Ukiinunua kabla hujajua ugonjwa uko wapi, utabaki na valvu mpya na tatizo lile lile.

Kwa hiyo usianze na bisibisi. Anza na masikio.

Kabla hujafungua kitu

Ondoa pedali zote. Gitaa moja, waya mmoja ambao umeuona ukifanya kazi kwingine, moja kwa moja kwenye amplifaya. Weka kila nobu katikati. Nasema katikati kwa sababu niliwahi kuletewa amplifaya "iliyokufa kabisa" na mwenyewe alikuwa ameshusha besi, midi na trebo zote hadi sifuri ili "aisikie sauti asilia". Kwenye ekwalaiza ya aina ya Fender, ukishusha zote tatu, mawimbi ya gitaa yote yanapelekwa ethi na sauti inapotea. Nilizungusha nobu tatu, nikamrudishia. Sikumtoza hela, ila soda alininunulia.

Kisha geuza nyuma utafute jeki mbili zilizoandikwa SEND na RETURN, kama zipo. Chomeka waya mfupi wa gitaa kutoka moja kwenda nyingine. Sauti ikirudi au ikipata nguvu ghafla, umeshapata ugonjwa na hujatoa hata skrubu moja. Ndani ya jeki ya RETURN kuna ulimi mdogo wa chuma unaopitisha mawimbi pale jeki ikiwa tupu. Ulimi huo ukishika kutu, amplifaya nzima inafifia, au inakatika ukipiga kwa nguvu na kurudi yenyewe. Nyunyiza spreyi ya kusafishia kontakti, ingiza na kutoa plagi mara ishirini, jaribu tena. Kati ya majaribio yote yaliyomo humu, hili ndilo lililoniokolea muda mwingi kuliko mengine.

La tatu ni swichi ya mguu. Ichomoe, utumie swichi ya usoni mwa amplifaya. Chaneli zikibadilika vizuri bila swichi ya mguu, ugonjwa uko kwenye swichi au waya wake. Kumbuka pia kwamba kwenye amplifaya nyingi, swichi ya mguu ikiwa imechomekwa, ile ya usoni haifanyi kazi. Huo si ubovu. Na ukinunua swichi nyingine dukani, fahamu zipo za aina mbili: zinazobaki zilipobonyezwa, na zinazoachia ukiinua mguu. Ukichomeka inayoachia mahali pa inayobaki, chaneli itakuja pale tu mguu ukiwa umekandamiza.

Yanayofanana na ugonjwa lakini si ugonjwa

Swichi ya BRIGHT haisikiki volyumu ikiwa imefunguliwa yote. Ndivyo ilivyo. Ile ni kapasita ndogo, inayopitisha trebo, iliyokaa sambamba na poti ya volyumu (poti ni kile kifaa kilicho nyuma ya nobu), na poti ikifika mwisho kapasita haina cha kuruka tena.

Besi, midi na trebo zinaingiliana. Ukipandisha trebo hadi mwisho, midi inaonekana kama imepungua nguvu. Hii si ekwalaiza ya redio ambayo kila kipande kina kazi yake: ni kapasita tatu, rezista moja na poti tatu zinazogawana njia moja.

Nobu ya PRESENCE si sehemu ya ekwalaiza hiyo. Iko upande wa pili, kwenye hatua ya nguvu, ile inayosukuma spika. Kwenye michoro inayofuata ile ya Fender Bassman ya mwisho wa miaka ya 1950, na Marshall za mwanzo zilizoigwa kwake, mkondo wa DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) unapita kwenye poti ya PRESENCE kwa makusudi. Ikikwaruza kidogo ukiizungusha, iache. Nimewaona watu wakibadilisha poti hiyo mara tatu.

Sasa unafungua

Ndani ya amplifaya ya valvu kuna DC ya volti 300 hadi 500, na kapasita kubwa zinaweza kubaki nazo muda mrefu baada ya kuchomoa plagi ukutani. Zima, chomoa, halafu zitoe chaji kupitia rezista ya omu 10,000 ya wati 5 au zaidi iliyofungwa kwenye waya wenye klipu: upande mmoja kwenye chasisi, mwingine kwenye mguu chanya wa kapasita. Shikilia sekunde kadhaa, kisha pima kwa mita. Usipoona chini ya volti 10, rudia. Unapolazimika kupima ikiwa inawaka, klipu nyeusi ibaki kwenye chasisi, mkono mmoja ufanye kazi na mwingine ukae mfukoni. Spika isichomolewe amplifaya ikiwa inawaka, maana utaua transfoma ya kutolea sauti, na hiyo ndiyo ghali kuliko vyote. Kama hujawahi kupima volti za namna hii, fanya sehemu ya juu tu ya maelezo haya, hizi zilizobaki umsomee fundi.

Angalia pia volti ya ukutani. Amplifaya ya Marekani ni ya volti 120, herzi 60. Kwetu Tanzania ni 230, herzi 50. Inahitaji transfoma ya kushushia, na hata hapo transfoma yake ya ndani, kama ilitengenezwa kwa herzi 60 tu, itapata joto zaidi.

Chaneli moja kimya, nyingine inaimba

Hili ndilo tatizo zuri kuliko yote, kwa sababu ile chaneli inayoimba imekuambia kwamba umeme, transfoma, spika na valvu kubwa za nguvu viko sawa. Usiguse valvu za nguvu. Ugonjwa uko pale njia mbili zinapotengana.

Valvu ndogo ya 12AX7, ambayo Ulaya huandikwa ECC83, ina valvu mbili ndani ya chupa moja. Nusu moja inaweza kufa na nyingine ikaendelea, na kuiona ikiwaka hakuthibitishi kitu. Chukua 12AX7 moja unayojua ni nzima na uibadilishe na kila moja kwa zamu, ukianzia ile iliyo karibu na jeki ya gitaa. Moja tu inatosha, huna haja ya seti. Zima amplifaya kila unapobadilisha na uisubiri ipoe.

Kwenye amplifaya za zamani zenye chaneli mbili zisizotumia swichi, mfano Fender Twin Reverb ya katikati ya miaka ya 1960, kila chaneli ina valvu yake ya kuanzia. Ya kwanza, iliyo nyuma ya jeki za kuingilia, ni ya chaneli ya Normal. Ya pili ni ya Vibrato. Vibrato ikiwa dhaifu na Normal ikiwa nzima, jaribu ya pili na ya nne, maana chaneli hiyo inapita hatua moja zaidi ya kukuza sauti kwenye nusu ya valvu ya nne.

Valvu zikiwa nzima, sasa ni mita. Kwenye soketi ya 12AX7 miguu ya 1 na 6 ni anodi (mawimbi yaliyokuzwa yanatokea hapo), 2 na 7 ni gridi (yanaingilia hapo), 3 na 8 ni katodi (mguu wa upande wa ethi). Hatua ya kawaida ina rezista ya omu 100,000 juu ya anodi na ya omu 1,500 chini ya katodi, na utaona volti 150 hadi 220 hivi kwenye anodi na moja hadi mbili kwenye katodi. Ukikuta anodi haina kitu wakati umeme upo upande wa pili wa rezista, rezista ya anodi imekatika. Anodi ikiwa na volti zote za umeme bila kushuka, na katodi iko sifuri, valvu haipitishi mkondo: imekufa au soketi haishiki mguu. Anodi sawa na umeme lakini katodi ina volti nyingi isivyo kawaida, ni rezista ya katodi iliyokatika. Na anodi ikiwa chini sana huku katodi imepanda, kuna DC inayovuja hadi gridi kupitia kapasita ya hatua iliyotangulia.

Chaneli ambayo haijafa ila imenywea na kupoteza besi, angalia kapasita ndogo iliyo sambamba na rezista ya katodi, mara nyingi ya maikrofaradi 22 au 25. Zinakauka kwa umri. Ni ya bei ya chapati.

Chaneli inabadilika yenyewe, au inagoma kubadilika

Hapa nina kisa changu. Nilinunua kombo moja (amplifaya na spika katika sanduku moja) iliyotoka Ulaya ndani ya kontena. Klini yake, yaani chaneli safi, ilikuwa tamu, ile sauti nyembamba inayong'aa ambayo gitaa la solo kwenye dansi linaitaka. Ovadraivu ilikuja vizuri, na baada ya dakika ishirini hivi ikapotea. Nikiipiga sanduku kwa ngumi, inarudi. Nikaazima valvu, nikabadilisha zote ndogo. Wiki mbili zilipita. Siku moja nikaiwasha bila gitaa, nikaweka sikio karibu na bodi na kubonyeza swichi. Tik. Tik. Baada ya dakika ishirini nikabonyeza tena: kimya.

Hiyo "tik" ni relei. Ni swichi ndogo inayovutwa na umeme, na ndiyo inayobadilisha chaneli kwenye amplifaya nyingi za kisasa. Ikilia na chaneli isibadilike, kontakti zake za ndani zimechafuka au ugonjwa uko mbele yake. Isipolia, haipati umeme. Umeme wake ni volti chache, mara nyingi kati ya 5 na 24, na kwenye bodi nyingi unapatikana kwa kushusha volti kupitia rezista kubwa za wati 5, zile nyeupe za udongo zenye pembe nne. Rezista hizi zinapata joto kila usiku wa kazi, zinapoa, zinapata tena. Risasi iliyoshika miguu yake inapasuka.

Niligeuza bodi, nikaweka tochi kwa mshazari. Kuzunguka mguu mmoja kulikuwa na duara jeusi jembamba, kama wanja kwenye ukingo wa jicho. Kwa tochi ya wima hukuweza kuliona. Nilinyonya risasi ya zamani, nikasafisha mguu, nikalehemu upya, nikaziinua rezista kidogo kutoka kwenye bodi ili hewa ipite chini. Haijarudia. Kama ungetaka kulipata bila kugeuza bodi, washa amplifaya na ugonge taratibu kwa kijiti cha mshikaki, kile cha mti tafadhali, si cha chuma, karibu na kila kitu kizito: rezista kubwa, relei, soketi za valvu, kapasita kubwa. Pale chaneli itakaporuka ndipo pa kulehemu.

Ikiwa inaruka jioni tu, pima umeme wa ukutani kabla ya kitu kingine. Mitaa mingine saa mbili usiku 230 inakuwa 190. Hapo hita za valvu, zinazotakiwa kupata volti 6.3, zinapata 5.2 hivi, na relei isiyo na umeme uliodhibitiwa inaachia yenyewe. Utafungua amplifaya nzima usikute kitu.

Baadhi ya amplifaya hazina relei bali kifuko kidogo cheusi chenye miguu minne, ndani yake taa ndogo na rezista inayohisi mwanga. Hicho hakilii. Kikichoka, chaneli inabadilika polepole, au ya pili inavujia ya kwanza kwa mbali. Kinabadilishwa, hakitengenezwi.

Ekwalaiza yenyewe

Inakwaruza unapozungusha: watu wote wanakimbilia spreyi, na mara nyingi wako sahihi. Nyunyiza ndani kupitia tundu lililo juu ya miguu ya poti, zungusha mwisho hadi mwisho mara ishirini, acha ikauke kabla ya kuwasha. Usitumie dawa ya kulegeza kutu ya boliti, wala petroli. Lakini mkwaruzo ukirudi kesho yake, acha kunyunyiza. Washa, pima DC kwenye miguu ya poti za ekwalaiza, ukianza na skeli kubwa ya mita. Inatakiwa iwe sifuri, au karibu kabisa na sifuri. Ukikuta volti, kapasita mojawapo inavuja na poti haina kosa lolote. Kwenye Marshall nyingi ekwalaiza inalishwa na katodi yenye volti zaidi ya 100, kwa hiyo kapasita hizo zina kazi ya kuzuia kila saa, na uvujaji kidogo tu unasikika.

Nobu zote tatu hazifanyi kitu na sauti imekuwa kubwa kuliko zamani: hii inawachanganya wengi, kwani nani analalamika sauti kuongezeka? Ethi ya ekwalaiza imekatika, kwa kawaida kwenye mguu wa chini wa poti ya midi. Mawimbi hayana pa kupotelea, yanapita yote. Waya mmoja, dakika tano.

Besi na midi hazipo, trebo ipo: rezista inayolisha kapasita za besi na midi imekatika. Kwenye Fender ya chaneli safi ni omu 100,000, kwenye Marshall nyingi za miaka ya 1970 na 1980 ni 33,000. Kinyume chake, sauti nzito kama iliyofunikwa blanketi na nobu ya trebo haileti tofauti: ni kapasita ya trebo, ndogo kabisa, pikofaradi 250 kwenye Fender na 470 au 500 kwenye Marshall. Besi peke yake haijibu: kapasita ya besi, au poti yake imekatika ndani.

Ujanja wa kupima rezista bila kuitoa, amplifaya ikiwa imezimwa na kapasita zimetolewa chaji: vitu vilivyo sambamba nayo vinaweza kushusha kipimo, haviwezi kukipandisha. Ukisoma pungufu, huenda ni nzima. Ukisoma zaidi ya kilichoandikwa, na nje ya asilimia yake, imeharibika. Rezista za kaboni za zamani hupanda hivyo kwa umri.

Kama yako ina ekwalaiza ya slaida, mfano zile za Mesa/Boogie za mfululizo wa Mark zenye slaida tano, herzi 80, 240, 750, 2,200 na 6,600, kanuni ni rahisi. Slaida moja ikifa na nyingine zikafanya kazi, ni slaida hiyo au koili na kapasita zake. Angalia miguu ya koili, ni vitu vizito na vinatikiswa. Zikifa zote, ni umeme wake au swichi inayoiingiza. Slaida ziko wazi juu, vumbi linaingia moja kwa moja: pitisha brashi kavu kwanza, spreyi baadaye, la sivyo unatengeneza tope.

Mikono ya waliotangulia

Amplifaya iliyotumika imepitia mafundi ambao hutawajua. Tafuta risasi inayong'aa tofauti na jirani zake, waya wa rangi isiyofanana, poti isiyo ya ukoo mmoja na wenzake. Nobu ya volyumu inayofanya kazi yote kati ya 1 na 2, kisha hakuna kitu, mara nyingi ni poti ya laini (inayopanda sawasawa) iliyowekwa mahali pa poti ya logi (inayopanda polepole mwanzoni, kisha haraka). Kwenye poti nyingi za siku hizi B ni laini na A ni logi. Alama ikiwa imefutika, toa waya wa mguu wa kati, weka nobu katikati, na upime kutoka mguu wa kati hadi kila mguu wa pembeni. Pande zikilingana ni laini. Upande mmoja ukiwa na sehemu ya kumi hivi tu ya jumla, ni logi.

Ukimaliza, usiijaribu ikiwa wazi juu ya meza ukaridhika. Irudishe sandukuni na spika yake, uipige kwa sauti ya kazini kwa saa nzima, noti za chini nyingi, maana mtikisiko wa spika ndio unaofichua risasi iliyopasuka. Ikikatika kwenye noti za chini tu, kijiti cha mshikaki kiko wapi?